Mnyororo wa Mashua ya Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu, pale Ekerenyo, kumiliki kitu kinachoelea majini. Baba alipopata habari hizo aliweka chini kikombe cha uji.

"Ng'ombe hulala zizini," alisema. "Hiyo mashua yako italala wapi?"

"Itafungwa kwa mnyororo, tata."

"Na mnyororo utafungwa wapi?"

"Chini ya ziwa."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Dada hakukasirika. Alimwongezea uji.

Miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kwisha. Dada alikuwa mjane aliyeuza ndizi, nami nilikuwa nimeolewa jirani tu na hapo, nikishona nguo kwa cherehani sokoni. Kwenye makambi ya Wasabato kule Kendu Bay alikuwa amekutana na mama mmoja Mjaluo, mjane kama yeye. Mvua iliwafungia ndani ya hema moja siku nzima, na ilipokatika walikuwa wameshakubaliana. Wangenunua pamoja mashua ya tanga iliyokwisha kutumika, wavushe ndizi zetu hadi Asembo, ng'ambo ya ghuba, warudi na samaki wakavu. Yule mama alikuwa amelijua tanga tangu siku za mumewe. Dada aliwajua wenye ndizi wote kutoka Ekerenyo hadi Nyamira. Walizungumza Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akivunja sarufi kwa njia yake, na sikuwahi kuona wakikosa kuelewana.

Shida yao ilikuwa mahali pa kuiweka mashua. Miaka michache nyuma ziwa lilikuwa limepanda na kumeza gati ya zamani, na ufuko uliobaki ulikuwa mawe matupu. Kwa hiyo iliwabidi kuifunga kwenye kina. Chini walizamisha gurudumu la lori lililojazwa saruji, na kutoka hapo ukapanda mnyororo mnene uliowahi kuvutia magogo msituni.

Jumapili moja nilifuatana nao kuukagua. Waliuvuta pole pole mpaka ndani ya mashua, nami nikasogea nyuma kwa kuchukizwa. Ulikuwa umeota utelezi wa kijani kama manyoya, na konokono wadogo wamejibana katika kila pete. Yule mama akaanza kuukwangua kwa kisu. Ghafla akasimama.

"Tazama," alimwambia dada. "Hii mnyororo inakwisha."

Chini ya utelezi ule pete tatu au nne zilikuwa zimekonda kama kidole cha mgonjwa. Ni pale ambapo mnyororo ulikuwa ukiburuzika juu ya mawe kila upepo ulipogeuka. Na kule juu, ulipopitia kwenye omo, pua ya mashua, chuma na mbao vilikuwa vinalana.

Dada alipitisha kidole juu ya pete zile. "Uchafu umeficha kidonda," alisema. Kisha akauliza, "Nyavu zenu mnapaka nini zisioze?"

"Tunachemsha maganda ya mti wa muwati."

"Muwati!" Dada alicheka. "Kwetu ndio ua wa kila shamba."

Wiki zilizofuata nyumba ya dada haikukalika kwa harufu. Alichemsha maganda ya muwati kwenye pipa, akaloweka humo ngozi ya ng'ombe mpaka ikawa nyekundu na ngumu. Aliniletea nimshonee mfuko mrefu wa kuvisha mnyororo pale unapopita kwenye omo. Sindano ya cherehani ilivunjika nilipojaribu mara ya kwanza, basi nikakaa chini na sindano ya magunia, nikashona kwa mkono mpaka viganja vikachubuka.

Fundi wa chuma mjini Kisii alikata pete zilizokonda, akaunga nzima. Kisha wale wanawake wawili wakausugua mnyororo wote kwa brashi ya waya, wakaupasha moto wa kuni za mkaratusi ufukweni, wakaupitisha ukiwa moto ndani ya lami iliyoyeyushwa. Yule mama akaongeza akili yake mwenyewe: alifunga pipa dogo tupu, lililozibwa vizuri, katikati ya mnyororo ili uinuke na usilale tena juu ya mawe. Walipourudisha majini waliugeuza, uliokuwa upande wa chini ukaja juu, ili kuliwa kugawanyike.

Tangu hapo kila Jumapili isiyo na safari waliuvuta na kuukwangua. Kilichonishangaza kwa dada ni kwamba hakuichoka kazi hiyo, kazi ambayo hakuna mtu angeiona wala kuisifu.

Kisha ikaja Sabato moja tukiwa kanisani Kendu Bay. Upepo ulikuwa umeanza kupiga mabati. Mtu mmoja akasimama mlangoni akamwita yule mama. Tulitoka sote watatu.

Kisiwa cha mafunjo yanayoelea kilikuwa kimemeguka kwenye mdomo wa mto, kikubwa kama shamba la ndizi, ndege bado wamekaa juu yake, na upepo ulikuwa umekiegemeza kwenye mashua. Omo ilikuwa imeinama majini. Mnyororo ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia nguo.

"Leo Sabato," yule mama alisema taratibu.

Dada alikuwa amevaa gauni lake jeupe. "Maandiko yanasema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato atatolewa."

"Hiyo ni ng'ombe."

"Wangu ndiye yule pale."

Yule mama akamtazama, kisha akavua viatu. Waliingia kwenye mtumbwi na mapanga mawili. Sikujua kuogelea, hivyo nilibaki nimekumbatia viatu vyao, nikiomba kwa sauti bila haya. Niliwaona wakikata mizizi iliyousonga mnyororo, wakikata na kukata, mpaka kisiwa kikaanza kugeuka polepole, kikaachia, kikaenda zake na ndege wake. Omo ikainuka. Mnyororo haukuwa umepoteza hata pete moja. Mashua ya jirani, iliyofungwa kwa kamba ya katani, ilikutwa kesho yake imevunjika maweni.

Tulirudi kanisani, wao wawili wakiwa wameloa tope hadi kiunoni. Mzee wa kanisa aliwaangalia kwa muda, kisha akampa dada kitabu cha nyimbo. "Ni wimbo wa mwisho," alimnong'oneza. "Imbeni."

Baada ya siku ile wenye mashua walianza kumjia dada, wa kwanza akiwa yule jirani. Hakumficha mtu kitu. Kila safari lori la ndizi lilishuka na gunia la maganda ya muwati.

Mashua ilifanya kazi hadi katikati ya miaka ya sabini, mbao zake zilipochoka. Dada akapanda majani chai. Julai moja yule mama alikuja Ekerenyo kututembelea, akatetemeka usiku kucha chini ya blanketi mbili na koti la dada, akauliza watu wanaishije ndani ya wingu. Asubuhi alisisitiza kwenda kuchuma chai. Alichuma majani makubwa yaliyokomaa, kikapu kizima, na dada akaketi kwenye ukingo wa shamba akicheka, akiyatoa moja moja, akimwonyesha kinachochumwa: majani mawili machanga na chipukizi.