Flashi Iliyowasha Mashine ya Dada

Mashine ya studio ya dada yangu, pale mtaani Mutakura, niliiunda mimi. Niliacha shule mapema, lakini sijawahi kuacha kufungua vitu. Bodi yake niliiokota kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi moja, nikaisafisha kwa mswaki, nikaitafutia viungo vyake kimoja kimoja. Ilikuwa nzito kuamka. Dada akiiwasha asubuhi tulichemsha chai, tukainywa, tukawasengenya majirani, ndipo ikawa tayari kwa kazi. Kazi yake ni kukata na kuunga video za harusi. Katika chai zile alinisimulia mambo ambayo hata mumewe hayajui.

Kisha miguu ikaniwasha, kama ilivyo desturi yangu. Nikavuka mpaka kuingia Uvira, nikashuka hadi Kalemie, nikafanya hiki na kile. Niliporudi nikakuta mashine yangu inaamka kabla mtu hajavuta kiti.

Dada alinieleza kwa furaha ambayo sikuipenda. Binamu yetu aliyeko Ulaya alikuwa amemletea diski mpya, nyembamba kama kipande cha chingamu, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Fundi mmoja wa mtaa wa Carama akaipachika kwenye kadi ndogo, kadi akaichomeka kwenye bodi, basi.

"Fundi alisema bodi iko muzee lakini ingali na nguvu," akaniambia.

Fundi. Miaka yote niliyomtengenezea vitu aliniita mdogo wangu, na akikasirika aliniita mtembezi. Neno lile hakunipa hata mara moja. Sasa lilikuwa halimtoki mdomoni, kwa ajili ya mtu aliyekuja na bisibisi akaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua jambo lile haliwezekani. Bodi za umri ule zilitengenezwa kabla diski za namna ile hazijazaliwa. Zikishaamka zinaweza kuzisoma, ila wakati wa kuamka hazizioni kabisa. Ni kama kumtuma mzee sokoni akamwite mtu asiyemjua sura. Na bado ile iliamka. Nilingoja dada atoke, nikafungua kava, nikaikodolea macho ile kadi, nikafunga. Sikuelewa. Nambari ya simu ya yule wa Carama ilikuwa imeandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu. Sikumpigia. Heri nife mjinga.

Asubuhi moja umeme ukakatika, ukarudi, na mashine ikakataa. Alasiri ya siku hiyo familia moja ya Kiriri ilikuwa na gutwikurura, sherehe ya kumfunua bibi harusi mbele ya jamaa zake, na walitaka video ya harusi ionyeshwe ukutani wageni wakiwa wamekaa. Video ilikuwa ndani ya diski ile, imebaki kutiwa muziki mwishoni. Kwenye kioo tuliona maandishi meupe tu: hakuna diski ya kuwashia.

Nilijivika uso wa msiba, lakini moyoni ilikuwa sikukuu. Nikamweleza dada taratibu, kama daktari, kwamba bodi ile na diski ile havikuumbwa kukaa pamoja, kwamba diski huenda imekufa, na kwamba mimi ningeweza kumrudishia ile ya zamani. Akaniuliza kama video ingekuwemo. Nikasema hapana.

"Sasa unanisaidia nini?"

"Mi ninakuambia ukweli."

"Ukweli ndio nitaonyesha kwa ukuta kule Kiriri?"

Simu yake ilikuwa imeishiwa moto wa betri. Akachukua yangu bila kuomba, akasoma nambari ukutani, akaweka sauti kubwa. Yule jamaa alikuwa ndani ya basi kwenye barabara ya Gitega, sauti inakuja na kupotea kila kona.

"Fundi, mashine iko inakataa kuwaka. Mudogo wangu anasema diski imekufa."

"Apana, mama. Ile kaflashi ya nyuma ya mashine, kako hapo?"

Nikainama. Tundu lilikuwa wazi.

Basi akaeleza. Bodi inaanza na flashi, kwa sababu flashi inaijua. Ndani ya flashi kuna programu ndogo inayoijua diski mpya. Inamshika mzee mkono, inamfikisha kwa mgeni, kisha haina kazi tena mpaka mashine izimwe. Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba nilitaka kuing'ata simu. Nikajikuta nauliza swali, na jingine. Akajibu yote bila kujivuna, akiniita kaka, na hilo nalo likanichoma. Alisema bodi ina njia nyembamba, diski inakimbia nusu ya nguvu zake, na hiyo nusu inatosha. Dada akanikatiza: nitafute flashi, shule baadaye.

Kwetu flashi ni kama kiberiti, haina mwenyewe. Jirani akitaka kubebea nyimbo, unachomoa unampa. Kumnyima ni roho mbaya. Jana yake mchoma brosheti, yaani mishikaki, wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameomba, na dada akachomoa ile ambayo mkono wake uliigusa kwanza. Mashine ilikesha na kazi ya Kiriri bila kuzimwa, kwa hiyo hakuna aliyejua kitu hadi umeme ulipokatika.

Nilivuka barabara nikifuata rumba. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye redio yake, inaimba juu ya moshi wa nyama ya mbuzi. Bahati yetu, alikuwa ameongeza nyimbo tu, hakufuta kitu. Nikairudisha kwenye tundu lake. Mashine ikaamka, na harusi ya Kiriri ikafunguka yote kwa mara moja, bila hata nafasi ya kuuliza kama kuna chai.

Dada akaanza kutia muziki, simu yangu bado iko mkononi mwake. Bila kugeuka akaniambia nimpelekee yule mchoma brosheti flashi nyingine, asipike kimya.

Nikampa yangu, ile niliyozunguka nayo Uvira na Kalemie, imejaa nyimbo. Akaichomeka, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Asante sana, fundi."

Niligeuka haraka kutazama ng'ambo, kama dada amesikia. Alikuwa mlangoni, simu yangu sikioni, akicheka na yule wa Carama kwa yunite zangu za simu.