Mawe Yaliyochoka

Jana nilichomoa betri za tochi ya binti yangu kwenye chaja. Zilikuwa zimeshinda humo, zimepata moto hadi plastiki inanuka. Sikuwa hata na nguvu ya kufoka. Nilimkumbuka bibi, enzi za utoto wangu kule kijijini Chiwata.

Betri za redio tuliziita mawe. Sauti ilipofifia, bibi aliyaanika juani kando ya korosho.

"Yamechoka," alisema, "yaache yapumzike." Na jioni redio ilisikika tena.

Basi mchana mmoja alirudi kutoka kuokota korosho, mgongo umempinda. Nikamvuta mkono.

"Bibi, na wewe kaa hapa na mawe."

Akacheka, akakaa. Muda si mrefu akainuka, akarudi mikoroshoni, nami nikaamini amejaa nguvu.

Sasa najua jua halikuwa likiyajaza yale mawe. Lilikuwa likiyakamua nguvu ya mwisho.