Kivuli cha Mbwa Juu ya Dagaa

Haya, nyie mliokaa huko nyuma, sogeeni. Mdomo wangu mkubwa, lakini upepo wa ziwa unao mkubwa zaidi. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, meza kwanza hicho kitumbua. Leo nawasimulia vita niliyopigana hapo Kibirizi. Sikupigania mume, sikupigania shamba. Nilipigania kivuli. Tena si changu. Cha mbwa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yanatoka Zaire yamejaa watu mpaka maji yanaona haya kuingia. Mimi kazi yangu kuanika dagaa pale mwaloni, maboti yanapofikia. Darasa sijui linafananaje, lakini jua nalisoma kama padri na kitabu chake. Mwanika dagaa hana ndugu ila jua. Miti yote ya pale tulishaikata zamani, hata kunguru akipita juu tunamtukana: pita haraka, unatutilia kivuli!

Asubuhi moja akashuka mama kwenye boti, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbwa mwekundu, mbavu nje kama kitanda cha kamba. Lori la kambini linanguruma. Msimamizi akasema watu wapande, mbwa abaki. Yule mama akaangaza huku na huku, na katika wanawake elfu kumi waliokuwa ufukweni, akanichagua mimi. Akanishikisha kamba.

"Dada, unichungie huyu imbwa. Ntakuya kumubeba."

"Utakuja lini?"

"Ntakuya."

Nyumba kaiacha, shamba kaliacha, hata kaburi la mama yake kaliacha, na sasa mbwa. Lori likaanza kuondoka, na mimi nikapaza sauti mbele ya umati: "Nenda mama, utamkuta hai!"

Mdomo huu! Siku moja utanizika.

Kumpeleka nyumbani haiwezekani. Buzebazeba nimepanga chumba kwa watu wa swala tano, mbwa hapiti hata kwenye ndoto zao. Kumwachia huru mwaloni atakula dagaa wa watu. Nikamfunga kwenye kigingi katikati ya kiwanja changu. Mwezi wa tisa, ndugu zangu! Mawe ya ufukweni unakaangia yai. Saa sita ulimi wa mbwa ulitoka mpaka nikadhani kavaa tai. Saa nane akaanguka ubavu, macho yamegeuka. Nikambeba mbiombio mpaka majini, nikammwagia maji tumboni na kwenye nyayo, akafumbua jicho moja akanitazama kama mtu anayenidai maelezo.

Sasa mjue adui yangu. Kiwanja changu kiko upande wa ziwa. Upande wa juu, wa mashariki, kiwanja cha mama mmoja wa Ujiji. Mpaka wetu mstari wa mawe. Mwanamke wa kanga mbili na ulimi mmoja unaofanya kazi ya ndimi saba. Tulikuwa hatupendani tangu zamani, ila tulikosa sababu. Mbwa akatuletea.

"We mwanamke," akasema, "najisi hiyo ikigusa dagaa wangu, nakuanika wewe."

"Nianike, bibi wee. Angalau mimi wateja watanunua."

Kesho yake nikanunua shitingi, lile turubai la nailoni wanalopewa wakimbizi, wengine walikuwa wakiliuza sokoni. Nikamjengea mbwa kibanda cha nailoni kizuri, nimekifunga pande zote nne, chini nimekibana na mawe, upepo usipate hata pa kupiga chafya. Nikaenda kugeuza dagaa, najisifu. Mara nasikia jirani anacheka, cheko lile la kuita watu.

"Njooni muone! Anapika mbwa kwa mvuke!"

Nikafunua. Joto lililotoka humo lilininyonyoa nyusi, mnaziona hizi zilizopo, ni za pili. Mbwa anahema kama injini ya boti yenye maji. Jua linapita kwenye nailoni, joto likishaingia halijui mlango wa kutokea. Jirani akasimama kwenye mawe yake, mikono kiunoni.

"Mwenyewe akirudi mwambie umemchoma. Utamwonjesha paja?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Basi siku ya tatu nikaenda Gungu nikaomba majani ya michikichi, mzigo kama nyumba, nikarudi nao kichwani. Nikasimamisha miti minne mirefu kunipita mimi, juu nikaezeka majani manene, pande zote wazi, upepo unapita unavyotaka. Mbwa akaingia, akajinyoosha, akalala kama diwani. Nikasema nimemaliza.

Kumbe jua ninalolisoma, ukurasa wa jioni niliuruka. Saa tisa jua limeinama upande wa ziwa, na kile kivuli kikaanza kutambaa kwenda mashariki. Kikavuka mawe. Kikapanda juu ya dagaa wa jirani. Kikaendelea, kikafika Buzebazeba, kuku wakaingia bandani wakidhani magharibi.

Aliyelia si mbwa, ni yule mama wa Ujiji. "Dagaa wangu wabichi! Mkeka mzima wabichi! Kivuli cha mbwa juu ya chakula cha Waislamu!"

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mwalo. Mzee mnene, mvivu, jioni hatoki.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Kesho nakuja kupima hicho kivuli."

Akaja. Saa ngapi? Saa sita kamili mchana, jua liko utosini! Akapima na fimbo yake, kivuli kiko chini ya miti minne, hakijasogea hata kidole. Akatangaza, "Kivuli hakijavuka. Mama wa Ujiji, unamsingizia mwenzio." Akaenda kula. Mimi nikacheza ngoma pale pale, nikampigia vigelegele jirani sikioni. Nilikuwa mbaya, sikatai.

Saa tisa kivuli kikavuka tena.

Safari hii jirani hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuja na panga, akakata miti yangu yote minne, mmoja mmoja, taratibu kama anakata muwa. Paa likaanguka, mbwa akachomoka kwa chini. Kisha akaokota jiwe kama kichwa changu, akalifunga kamba, akaliweka juu ya mpaka.

"Kesho kivuli kikigusa dagaa wangu, jiwe hili namfunga mbwa wako shingoni. Ziwa lina kivuli kirefu kuliko cha majani yako."

Hakuwa anatania. Dagaa wake waliokosa jua walikuwa wameanza kunuka, na ana watoto kama mimi.

Sasa nifanyeje? Nisipojenga, jua linamuua. Nikijenga, jirani anamuua. Na mimi nimeapa mbele ya umati. Alfajiri nikashika jembe. Nikasema, kama kivuli kwenda juu ni ugomvi, kitaenda chini. Nikachimba kando ya kigingi, nikatoa mawe, nikafikia mchanga wenye unyevu, baridi kama mtungi. Shimo upana wa mbwa wawili, kina cha goti. Juu nikalaza majani yale yale ya michikichi kwenye vijiti vifupi, kimo cha shubiri, upepo upite, na upande wa ziwa mlango. Nikamwagia maji, nikaweka bakuli la kunywa.

Jirani akaja, akalinyanyua jiwe lake. Akasimama kwenye mpaka kuanzia saa nane. Kivuli kikatoka, urefu wa mwiko wa ugali, kikaishia hapo. Alisubiri mpaka jua likazama, jiwe limemchosha mikono.

"Kaburi umeshamchimbia," akasema. "Bado kumfukia tu."

"Karibu ndani upime."

Akatema mate upande wangu, akaondoka na jiwe. Mpaka leo hatusalimiani.

Kila siku namwaga maji, kila siku anatema mate. Mbwa akanenepa. Mwezi ukapita na nusu, mchana wa jua kali kuliko yote, nikaona yule mama wa mbwa anateremka kwenye mawe na kile kitoto mgongoni. Kachomwa na jua, midomo imepasuka. Jirani akawahi kupaza sauti, "Mwenye mbwa huyo! Njoo uone walivyomzika!"

Yule mama akakimbia. Akapiga magoti kwenye shimo langu. Mbwa akainua kichwa, akapiga mkia mchangani mara mbili, na kutoka hakutoka. Mama akaingiza mkono akagusa mchanga wenye ubaridi. Akaingiza na kichwa. Tukamsubiri, mimi na jirani, kila mtu upande wake wa mawe.

"Unaishi wapi huko kambini?" nikamuuliza mgongo.

"Chini ya shitingi," sauti ikatoka shimoni. "Wamelifunga pande zote."

Nikafungua kamba kwenye kigingi, nikamnyooshea. "Haya mama, nimetimiza. Mchukue mbwa wako."

Hata kichwa hakutoa.

"Dada, mumupeleke imbwa kambini na kadi yangu ya mgao. Miye nabakia humu!"