Jiwe la Sebuleni

Niseme ukweli: nilijua ule ufadhili ni wangu. Wenzangu walioomba kwenda kusomea historia ya majengo ng'ambo waliandika kuhusu maboma ya Wajerumani na makanisa ya misheni. Mimi niliandika kuhusu nyumba yetu ya Kirumba, kule kilimani. Babu, aliyekuwa fundi mwashi, alikuta kiwanjani jiwe kubwa kama lori. Hakulivunja wala hakulikwepa. Alilifanya ukuta wa nyuma wa sebule, akaunganisha nalo kuta nyingine kwa udongo na chokaa. Niliandika jinsi alama za tindo yake ya kuchongea mawe zilivyobaki pale, pamoja na masizi ya koroboi ya miaka yote.

Waamuzi walivutiwa, wakasema mmoja wao angekuja kutoka Dar es Salaam kuliona jiwe kabla ya kuamua. Nikampelekea mama habari, kisha nikarudi Butimba nilikokuwa nikifundisha.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ambayo zamani yalikosa hata chokaa sasa yalijaa rangi za mafuta za kila aina. Siku ya mgeni nilipanda kilima nikitangulia, yeye akihema nyuma yangu. Nilipofungua mlango, harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Jiwe lilikuwa la buluu. Buluu ya kung'aa, kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi za paa. Masizi yote yalikuwa yamesuguliwa, na alama za tindo zilikuwa zimejaa rangi.

"Mama, umefanya nini?"

"Mgeni atoke Dar kote huko aje akute masizi? Aseme mwanangu hana kwao?"

Nilipandwa na hasira. Mgeni alisimama mlangoni, kalamu mkononi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, anangoja asifiwe. Nilipomwona hivyo, nikajua la kusema.

"Babu alilikuta jiwe akalikaribisha ndani," nilimwambia mgeni. "Mama kalipaka rangi kwa sababu unakuja wewe. Nyumba yenye watu ndivyo ilivyo. Nipelekeni nikajifunze kuitunza bila kumfukuza mwenyewe."

Mgeni aliandika, akala samaki wetu wa sato, akamsifia mama rangi.

Jibu la kukubaliwa lilipofika, mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Walipoondoka akaniuliza, hivi hasa nakwenda kusomea nini.

"Kuzilinda nyumba za zamani, mama, watu wasiziharibu."

Akaligeukia jiwe lake la buluu, akapitisha kiganja juu yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Jamani! Mtu anaharibuje nyumba ya wazee wake? Ni akina nani hao?"

"Wapo tu, mama," nilimwambia, nikamkumbatia.