Duara la Mama Aneth

Pikipiki iliacha barabara ya Ushirombo, ikapenya katikati ya maduka ya vipuri na vibanda vya wanunuzi wa dhahabu, na dereva akamuuliza abiria wake, bila kugeuza shingo, anakwenda kwa nani hasa. Abiria alikuwa ametoka Kahama kwa basi la asubuhi, na Katoro ilikuwa ngeni kwake. Alichokuwa nacho ni jina tu: Mama Aneth, mke wa Ngassa wa karasha la kusagia mawe ya dhahabu, anayepangisha chumba.

"Aa, yule anayemwagilia mchanga!" dereva akacheka. "Ungesema mapema."

Mama Aneth, ambaye jina lake la ubatizo ni Eufrasia, aliwasikia wakija na akatoka nje na jagi la maji. Akamkaribisha mgeni, akampa pole ya safari, kisha akamshika kiwiko na kumpeleka mpaka pembeni mwa uwanja, kwenye debe lililokuwa na mabamia mawili yaliyodumaa.

"Nawia hapa," akasema. "Juu ya shina, si juu ya majani. Katika nyumba hii maji hayamwagwi bure."

Mgeni akanawa. Mabamia yakatikisika kidogo. Eufrasia akayatazama kama mtu anayengoja jibu.

Hapo ulikuwa mwezi wa tisa, na jua la Katoro lilikuwa limekwisha kugeuza kila kitu rangi ya tofali. Kila kitu isipokuwa soko, ambako mboga mbichi zilifika kila asubuhi kutoka kwenye mabonde yenye maji, zikauzwa na kwisha kabla ya saa sita. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyehangaika kuotesha mchicha nyumbani. Lakini Eufrasia alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mama yake.

Bibi Paskalina aliishi peke yake katika kijiji kimoja upande wa Mwadui. Mumewe alikwisha kufariki, watoto walikwisha kutawanyika, na mwaka uliopita alikuwa ameteleza akimfukuza ndama, akalala chini na goti lake bovu mpaka wachunga ng'ombe walipopita na kumwinua. Tangu siku hiyo Eufrasia hakulala vizuri. Alimpigia simu mara kwa mara, akimbembeleza kwa Kisukuma, akimwambia chumba kipo, Aneth ameolewa, kitanda kiko tupu. Bibi Paskalina akamjibu kwa utulivu wa mtu aliyelima pamba maisha yake yote.

"Sihamii mahali pasipoota kitu, mwanangu. Nyie huko mnakula vumbi. Mimi nitakuja kufanya nini, kutazama mawe yakisagwa?"

"Mama, vitu vinaota huku."

"Vinaota? Basi niletee mboga mbichi kiangazi hiki, iliyoota uwanjani kwako. Si ya sokoni. Niletee na mizizi yake na udongo wake, niione. Mvua ikinyesha kabla hujaleta, basi tena, maana mvua ikinyesha hata juu ya paa panaota. Ukiileta, nafunga mizigo."

Alisema hivyo kwa kucheka, lakini Eufrasia alimjua mama yake. Lile halikuwa neno la mchezo.

Eufrasia alianza kwa namna aliyofundishwa utotoni. Kwao sifa ya mkulima ni tuta: liwe refu, limenyooka, limejaa mgongo kama ng'ombe aliyenona. Alipofuata Ngassa kwenye dhahabu, miaka mingi iliyopita, aliacha jembe akashika chungu, akawapikia wachimbaji chai na chapati mpaka mikono yake ikasahau mpini. Sasa aliukumbuka. Akainua matuta marefu, mazuri, ambayo majirani walisimama kuyatazama. Akapanda chainizi, nyanya na mchicha. Jua likaingia tutani kutoka juu na upepo kutoka pande zote. Maji aliyomwaga yalitiririka mpaka njiani kabla mizizi haijayaonja. Chainizi zikakauka zikawa kama karatasi za kufungia maandazi. Nyanya zilitoa maua, zikayadondosha yote, kama zimebadili mawazo. Mchicha ulipofika urefu wa kidole ulitoa mbegu palepale, ukazimwaga chini, ukafa.

Ngassa alimwonea huruma mkewe. Yeye si mtu wa maneno mengi, basi siku moja alirudi kazini na mkokoteni umejaa marudio. Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha, kuoshwa na kutolewa dhahabu. Mwenye karasha alikuwa ameyapima haya na kuona hayana kitu tena.

"Laini kama unga wa sembe," Ngassa akasema kwa fahari. "Mbegu italala humu kama mtoto kwenye godoro."

Eufrasia akasawazisha matuta yaliyomwaibisha, akamwaga marudio juu yake, akapanda upya. Mbegu zikachipua upesi ajabu. Akampigia mama yake simu siku hiyohiyo. "Funga mizigo!" Bibi Paskalina akamwambia kwamba kuchipua si kuota. Na kweli, kabla miche haijapata jani la tatu ilianza kuwa njano. Mchanga ule ukilowa uligeuka uji, ukikauka ukawa sakafu. Ndipo watu wakaanza kumwita mama anayemwagilia mchanga.

Hivyo ndivyo mgeni alivyoyakuta mambo. Alipewa chumba cha Aneth kwa sharti moja, aliloelezwa kabla hajafungua begi.

"Chumba hiki ni cha mama yangu. Mboga ikiota, wewe unahamia stoo."

"Na isipoota?"

"Itaota," Eufrasia akasema, akamkabidhi ndoo.

Siku chache baadaye alipita Violeth, bibi shamba wa kata, msichana mcheshi mwenye kofia kubwa. Eufrasia alimwita aje kutazama unjano ule. Violeth akachota ukufi wa mchanga, akausugua kwa vidole, na tabasamu lake likapotea.

"Mama Aneth, haya si marudio ya karasha?"

"Ndiyo. Baba Aneth kayaleta."

"Haya wameyaosha kwa zebaki. Hiki si chakula, ni sumu. Usile hata jani moja la humu. Ng'oa, toa mchanga wote, na ukiutoa vaa glavu na ufunge kitambaa puani."

Ngassa, aliyekuwa akinywa uji kizingitini, aliweka bakuli chini. Kwa miaka yote alikuwa akiishika zebaki kama mtu anavyoshika sabuni. "Mimi nilitaka kusaidia," akasema.

"Najua, mume wangu," Eufrasia akamjibu. "Sasa katafute glavu." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na wewe utafute zako, za kazini."

Kesho yake asubuhi alianza kazi. Akavaa glavu mpaka kwenye viwiko, akafunga kanga puani, akatandaza turubai, akawa anachota marudio kwa sahani, taratibu, asitimue vumbi. Punje iliyoanguka pembeni aliirudia na kuiokota. Katika mji mwingine wowote mtu angesema mama huyu anasafisha uwanja. Lakini Katoro mtu anayechota mchanga kwa uangalifu kiasi kile ana sababu moja tu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwita, mchimbaji kutoka Tarime aliyepanga nyumba ya jirani.

"Mama Aneth, shikamoo."

"Marahaba, Mwita."

"Naona leo unapepeta."

"Natupa. Mchanga huu una zebaki."

Mwita akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyedanganywa na fundi. "Sawa, Mama. Lakini zebaki ikiwepo, dhahabu itakosaje?"

"Mwita, mwenye karasha alishapima. Hakuna kitu!"

"Ndivyo hata mimi ningesema," akajibu, na akaondoka kwa haraka iliyozidi kidogo.

Kabla jua halijapanda, uwanja ulikuwa na wanaume wenye magunia na makoleo. Eufrasia aliwaambia ukweli wote, akausema kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na mgeni akaongeza kwa lugha nyingine mbili. Kila alivyosisitiza kwamba ni sumu isiyo na dhahabu, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba dhahabu ipo. Mwishowe akachoka.

"Mnayataka?"

"Tunayataka, Mama."

"Basi myabebe yote. Atakayeacha hata kijiko atarudi kukilamba. Na mvae glavu!"

Wakabeba. Walipomaliza marudio walikwangua matuta ya zamani yaliyokuwa chini yake, na walipomaliza hayo wakaendelea kushuka, maana mchimbaji hakubali kuacha chini ya mchanga bila kupatazama. Ngassa aliporudi kazini alikuta katikati ya uwanja wake shimo la kufika magotini, safi, limekwanguliwa mpaka kwenye udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa. Violeth alipita akachungulia, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wamechukua hata udongo usiohusika, akasema, na hapo sasa panafaa.

Marudio yale, kwa kweli, hayakumpa mtu kitu. Mwita aliyaosha kutwa nzima mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, akarudi jioni akiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Nilikwambia," Eufrasia akasema.

"Uliniambia vibaya, Mama. Ulisema kama mtu anayeficha."

Kwa muda Eufrasia hakulitazama shimo lile. Lilimuuma. Mawingu ya kwanza yalianza kujikusanya upande wa Geita, na yeye hakuwa na hata jani. Maji ya kufulia, yale ya mwisho yasiyo na sabuni, aliyamwaga shimoni kwa mazoea tu, asipate kuona yakipotea njiani. Ni asubuhi moja, alipokwenda kuyamwaga tena, aliposimama na beseni likiwa limeinamia upande. Chini, kwenye pembe yenye kivuli, udongo ulikuwa bado na unyevu wa jana. Na kwenye unyevu ule kulikuwa na mchicha. Hakuna aliyeupanda. Ule mchicha wa kwanza, uliokufa kwenye matuta, ulikuwa umepukutisha mbegu zake mpaka kando ya ua, na upepo ukazirudisha ndani ya shimo. Miche yenyewe ilikuwa myekundu chini ya majani, minene shingo, haina haraka.

Eufrasia akakaa chini kwenye ukingo, miguu shimoni, akaanza kucheka peke yake. Alikuwa amelima mlima mahali palipotakiwa bonde.

Kuanzia hapo hakuna aliyepumzika. Ngassa alileta samadi kwa mfugaji mmoja, ya siku nyingi, iliyopoa na kugeuka vumbi. Mgeni alitumwa nyasi, akazitandaza chini na nyingine akazifunga juu ya fito ziwe kivuli. Eufrasia akapanda kunde za majani kando ya mchicha na matembele kwenye kuta. Jua lilipita juu ya shimo bila kujua kilichomo. Kuku wa jirani waliingia mara moja, wakala kunde nusu, na Mwita mwenyewe akazungushia miba.

"Mama Aneth," alikuwa akiuliza kila alipopita, "leseni ya duara hili umepata wapi?" Duara ndilo jina la shimo la dhahabu katika machimbo, na jina hilo likaganda. Watu walikuja kulitazama duara la Mama Aneth. Mchicha ulipofika magotini, Mwita alipewa fungu la kwanza, akala kwa ugali, akalamba vidole.

"Sasa haya," akasema, "ndiyo marudio."

Siku Eufrasia alipopiga simu kwao, ngurumo ilikuwa ikisikika kwa mbali.

"Mama, mboga imeota. Nakuja nayo kesho."

"Ya sokoni?"

"Na mizizi yake na udongo wake."

Bibi Paskalina akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Huko kwako kuku wangu watalala wapi?"

Eufrasia alifunika simu kwa kiganja na kumwangalia Ngassa, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Asubuhi ya safari alichimbua mashina ya mchicha na mikunde miwili, akayasimamisha ndani ya ndoo na udongo wake, akayafunika kwa gunia lenye unyevu. Debe la mabamia aliliacha. Bamia moja lilikuwa limetoa ua, na hakutaka kulisumbua. Dereva wa pikipiki alikuwa yuleyule.

"Mama, ndoo hiyo ina nini?"

"Mama yangu. Endesha taratibu kwenye mashimo."

Upande wa Geita mbingu ilikuwa nyeusi. Tone moja likaanguka juu ya tangi la pikipiki, likakauka kabla halijatambaa. Eufrasia akalitazama kwa hasira.

"Wewe ngoja kwanza!" akaiambia mbingu. Kisha akamgeukia mgeni. "Asubuhi na jioni. Ya sabuni usimwage kwenye kunde. Na miba uirudishe ukishaingia."

"Na nikihama, godoro niliache?"

"Uliache! Stoo nimeshafagia."

Pikipiki ikaondoka, Eufrasia akiwa ameikumbatia ndoo kwa mikono miwili, majani ya mchicha yakichungulia begani kwake mpaka kona ya kibanda cha vipuri ilipowameza wote. Mgeni akabaki uwanjani na kopo mkononi. Akashuka ndani ya duara, akamwagilia juu ya shina, si juu ya majani, akarudisha miba mahali pake, akaingia chumbani kwa Bibi Paskalina kukunja shuka zake.