Rupia ya bibi: sarafu niliyonunua mtandaoni ilivyoniumbua ukweni

Wakuu, habari za humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, leo naleta la kwangu. Sijatia chumvi. Mke wangu yuko pembeni anasoma kila ninachoandika, hata nikitaka kuongeza siwezi.

Ni Sumbawanga, miaka ile simu za kupangusa ndiyo zimeanza kujaa mjini na kila mtu kageuka mfanyabiashara wa mtandaoni.

Nilikuwa nimemposa Yustina, binti wa kutoka Kaengesa. Mahari yalieleweka vizuri, lakini bibi yake mzaa baba akaweka sharti lake: anataka rupia. Ile sarafu ya fedha, ya enzi za Mjerumani.

Wafipa wenzangu mtaniambia kwetu hakuna kitu hicho. Hata kwenye ukoo wa kina Yustina wengi walishaacha. Huyu bibi hakutaka kusikia, kwake mjukuu haondoki bila rupia.

Nilizunguka kwa masonara, nikashuka mpaka Kasanga, kule ziwani, kwa wazee, wapi. Waliokuwa nazo walishaziuza zamani.

Ndipo mshikaji mmoja akanionyesha kundi la wakusanya sarafu za zamani mtandaoni. Jamaa wa Dar kaweka picha, rupia inang'aa, yule mfalme wa Kijerumani na kofia yake anaonekana mpaka masharubu. Nikamuuliza kama ina kasoro. Akajibu, "Safi kabisa mkuu, haijaguswa."

Nikalipa, ikaja na basi. Nikaigeuza juani, nikaridhika.

Siku ya kuipeleka, mshenga wangu, ambaye ni baba mdogo, aliingia ndani kwa wazee. Mimi nikabaki nje kwenye benchi.

Kitu nisichokijua ni kwamba bibi hapokei rupia hivihivi. Huiosha kwanza kwa maji ya moto na majivu, mbele ya watu, ndipo inakuwa yake. Najua wakusanya sarafu humu mmeshika vichwa mliposikia majivu, maana kwenu sarafu ya zamani haioshwi.

Mara nikaitwa ndani.

Bibi kaishika rupia juu ya bakuli. Juu ya kofia ya mfalme, karibu na ukingo, kuna tundu. Kumbe lilikuwa limezibwa kwa gundi iliyopakwa rangi ya fedha, maji ya moto yakaibandua. Baba mdogo anaangalia sakafu. Baba yake Yustina ananiangalia mimi.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Kwao rupia yenye tundu ni ambayo imeshavaliwa shingoni na bibi wa watu wengine. Ni sawa na kumpelekea mtu kanga iliyovaliwa. Baba mkwe akasema posa isimame kwanza, maana kama nadanganya kwenye kitu kidogo hivi, kwa binti yake itakuwaje. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Yustina nilikuwa nampenda, sioni aibu kuliandika.

Nikaeleza kwamba nimenunua kwa kuona picha tu, na muuzaji simjui hata sura. Wazee wakaguna. Bibi yeye akacheka. Akasema hata marehemu mume wake aliuziwa rupia ya bati Kasanga, ikabidi ashuke tena ziwani kwa miguu kwenda kuibadilisha.

"Mwenzako alirudi Kasanga," akaniambia. "Wewe utarudi wapi?"

"Kwenye simu, bibi."

"Basi rudi. Tunakungoja."

Nikamwandikia muuzaji palepale, wazee wamenizunguka, kila mmoja ana neno la kuongeza. Muuzaji akakana, akadai nimeitoboa mwenyewe. Nikapiga picha tundu na ile gundi ndani ya bakuli, nikaziweka kwenye kundi pamoja na lile jibu lake la "haijaguswa".

Kesho yake akaja inboksi mpole. Akakiri kwamba naye aliuziwa hivyohivyo, akaona aipitishe mbele. Nikamrudishia yake, akatuma nyingine. Hiyo niliichemsha mwenyewe kama yai kabla hata baba mdogo hajaiona.

Bibi akaiosha, ikabaki nzima. Akapiga vigelegele yeye mwenyewe, nyumba nzima ikafuata. Baba mkwe akanipa mkono, na wote tulikuwa tunacheka.

Somo langu ni hili. Muuzaji akikwambia sarafu ni safi, omba picha ya pande zote na ya ukingo, na video akiidondosha mezani uisikie inavyolia. Akianza kuzungusha maneno, mwache. Na ukikuta kasoro, iseme mapema na utunze alichokuandikia.

Ila kuna kitu sijawaambia.

Baada ya harusi tulienda kumsalimia bibi. Nikampa shikamoo, nainua macho, rupia iko shingoni kwake imening'inia kwenye uzi. Kaipeleka kwa fundi, imetobolewa. Rupia safi niliyoigombania na mtu wa Dar, wakuu. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama hilo si tundu lilelile tulilolikataa.

Akaifunika kwa kiganja.

"Lile lilikuwa la mwanamke mwingine, mume wangu. Hili nimelitoboa mimi, kwa ajili ya Yustina."

Nikakaa, nikala ugali.

Haya, wenye rupia majumbani, semeni na nyie: ya kwenu ina tundu? Na lilitobolewa kwa ajili ya nani?