Namba nne za mke wangu

Jioni ya mwisho ya kawaida nyumbani kwetu, mke wangu alikuwa akichambua maharagwe, nami nikimsihi aweke namba ya siri ndefu zaidi ya kufungulia simu aliyonunua baada ya ile ya kwanza kuungua katika volkano.

"Papa, namba ine zinatosha," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi si banki."

Kesho yake watu wenye silaha walimnyang'anya simu hiyo kwenye njia ya kwenda Sake. Ndani yake kulikuwa na ujumbe ulioeleza nyumba walimojificha majirani zetu, waliokuwa wakitafutwa na watu hao. Kwa kuhofia simu itafunguliwa, majirani wakawa wanahamahama na mizigo yao. Baadaye ugonjwa ulimchukua mke wangu, hofu ikabaki kwangu.

Siku moja, kwenye kibanda cha fundi wa simu kule Birere, nilimkuta mtu akigonga meza kwa simu ya aina ileile. Ni wazi haikuwa yake.

"Chifre ine tu za kufungua simu, na unashindwa?" alimfokea fundi.

"Chef, umekosea mara mingi. Sasa inasema ungoje. Ukikosea tena, itafuta yote."

"Tumia kompyuta."

"Hata kompyuta itangoja, chef."

Walioitengeneza simu ile walijua kuwa mke wangu hatakariri namba ndefu. Hawakumlaumu kama mimi. Waliuweka ugumu wote upande wa anayebahatisha. Siwajui, lakini nawashukuru.

Asubuhi iliyofuata niliwapelekea majirani maandazi, nikawaambia wafungue mizigo, maana simu ya mke wangu nayo haingefunguka kwa kubahatisha.